Karani, Mkalimani na Umma: Sol T. Plaatje Katika Mahakama ya Mafeking na Nje Yake

1. Utangulizi

Katika historia ya utawala wa kikoloni barani Afrika, karani wa mahakama ni mtu ambaye waandishi wengi wamempita bila kumtazama. Gavana ametajwa, hakimu ametajwa, na mara nyingine hata mshtakiwa ametajwa. Lakini yule Mwafrika aliyeketi kati ya hakimu na kizimba, kalamu mkononi, akiyageuza maneno ya huyu ili yapate kueleweka na yule, amebaki kuwa kivuli tu. Wakubwa wake walimhesabu kuwa chombo cha kazi. Wenziwe wa kijijini nao aghalabu walimwona kuwa mtu wa serikali. Kwa hiyo hakupata wa kumsemea upande wowote.

Makala haya yanakusudia kumwangalia mmoja wa makarani hao, naye ni Solomon Tshekisho Plaatje (1876–1932) wa Afrika Kusini. Wasomaji wa fasihi wanamfahamu Plaatje kama mwandishi wa riwaya ya Mhudi. Wasomaji wa historia ya siasa wanamfahamu kama katibu mkuu wa kwanza wa chama ambacho baadaye kilikuja kuitwa African National Congress. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kabla ya hayo yote alikuwa karani na mkalimani katika mahakama ya hakimu mkazi mjini Mafeking. Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba kazi hiyo ndiyo ufunguo wa maisha yake yote. Mambo aliyoyafanya nje ya ofisi, na yale aliyoyafanya baada ya kuiacha, yalikuwa ni ile ile kazi ya mkalimani, ikifanywa mbele ya baraza kubwa zaidi. Aidha, maisha yake yanaonyesha kwamba utumishi wa serikali na utumishi wa umma ni mambo mawili. Yaweza kutokea yakafuatana kwa muda, na yaweza kutokea yakaachana. Hapo ndipo mtumishi hulazimika kuchagua.

2. Malezi na lugha

Plaatje alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1876 karibu na Boshof, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Orange Free State. Wazazi wake walikuwa Warolong, mojawapo ya jamii za Watswana, na walikuwa Wakristo wa misheni ya Kilutheri ya Berlin. Alilelewa katika kituo cha misheni cha Pniel, karibu na mji wa almasi wa Kimberley. Huko alisoma shule ya msingi tu, kisha akawa mwanafunzi-mwalimu. Hakupata kukanyaga chuo chochote. Lakini mazingira yake yalikuwa shule ya namna ya pekee, kwa sababu Kitswana kilikuwa lugha ya nyumbani, Kijerumani kilikuwa lugha ya wamisionari, Kiholanzi kilikuwa lugha ya wenye mashamba ya jirani, na Kiingereza kilikuwa lugha ya serikali. Baadaye aliongeza Kixhosa na lugha nyingine za Kibantu za nchi hiyo.

Mwaka 1894 alikwenda Kimberley kufanya kazi ya utarishi katika posta. Mji huo ulikuwa na kundi la vijana wa Kiafrika waliosoma, waliokuwa wakikutana baada ya saa za kazi kwa ajili ya midahalo, muziki na usomaji wa vitabu. Miongoni mwao alikuwamo Isaiah Bud-M'belle, mkalimani wa Mahakama Kuu ya Kimberley, ambaye alikuwa amefaulu mtihani wa utumishi wa serikali ya Koloni la Rasi. Mtu huyu alimwonyesha Plaatje, kwa mfano wake mwenyewe, kwamba ukalimani ni taaluma yenye heshima na yenye kanuni zake, wala si kibarua cha mtu yeyote aliyebahatika kujua maneno mawili matatu ya Kiingereza.

Urafiki huo ulizaa jambo jingine. Plaatje alimpenda Elizabeth, dada yake Bud-M'belle, na tarehe 25 Januari 1898 wakafunga ndoa. Elizabeth alitoka katika jamii ya Wamfengu wasemao Kixhosa. Jamaa wa pande zote mbili hawakupendezwa na ndoa hiyo ya makabila tofauti. Katika insha fupi aliyoiandika mwaka 1916 kwa ajili ya kitabu cha kumuenzi Shakespeare, Plaatje alieleza kwamba barua za uchumba wao ziliandikwa kwa Kiingereza, na kwamba lugha ya tamthilia za Shakespeare iliwafaa sana katika mambo ya mapenzi. Jambo hili laweza kuonekana dogo, lakini linafundisha. Tangu ujana wake, ndani ya nyumba yake mwenyewe, Plaatje alijua maana ya watu wawili kuhitaji lugha ya tatu ili wasikilizane.

3. Kiti cha mkalimani

Mwezi Oktoba 1898 Plaatje aliajiriwa kuwa karani na mkalimani wa mahakama ya Mafeking. Jina la mji huo lenyewe ni kisa cha lugha. Watswana waliuita Mahikeng, yaani mahali pa mawe. Waingereza wakaliandika jinsi walivyolisikia. Mwaka 1980 tahajia ilibadilishwa kuwa Mafikeng, na mwaka 2010 jina la asili likarudishwa. Zama za Plaatje palikuwa na miji miwili iliyopakana: mji wa Wazungu ulioanzishwa mwaka 1885, na mji wa Warolong uliokuwapo kabla yake. Mahakama ilihudumia yote miwili, hivyo mbele yake walipita Watswana, Waxhosa, Makaburu na Waingereza.

Ili kuuelewa uzito wa kazi hiyo, yafaa kukumbuka jinsi mahakama ya namna hiyo ilivyoendeshwa. Swali liliulizwa kwa Kiingereza, mkalimani akalipeleka kwa shahidi kwa Kitswana, shahidi akajibu, mkalimani akalirudisha jibu kwa Kiingereza, na hicho Kiingereza ndicho kilichoandikwa katika jalada. Maneno yenyewe ya shahidi yalipotea hewani pale pale. Kesi ilipokatiwa rufani, majaji wa juu walisoma jalada. Kwa maneno mengine, mtu aliyehukumiwa kifungo alihukumiwa kwa maneno ambayo hakuyatamka yeye. Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Katika mahakama ya kikoloni ulimi usio na mfupa uliweza kuvunja mifupa ya mwingine, na ulimi huo ulikuwa wa mkalimani.

Plaatje aliitafakari sana hali hii. Miaka michache baada ya kuacha kazi aliandika insha ya Kiingereza juu ya mkalimani wa mahakama na sifa zinazompasa, ambayo ilibaki mswada hadi ilipochapishwa muda mrefu baada ya kifo chake. Fikira iliyo kiini cha insha hiyo ni kwamba haki inategemea tafsiri. Hakimu aweza kuwa mwadilifu na sheria yaweza kuwa nzuri, lakini mkalimani akiwa mzembe au mjinga, asiye na hatia atafungwa. Kujua lugha mbili hakutoshi. Sharti mkalimani ajue pia desturi za watu wanaosema lugha hizo, maana neno moja laweza kuwa kukiri kosa katika lugha moja na likawa adabu tu katika lugha nyingine.

Bidii yake katika kazi haikuwa ya maneno. Alijifunza kupiga taipu, akafanya mitihani ya hiari ya utumishi wa serikali, na katika Kiholanzi na upigaji taipu aliwashinda watahiniwa wote wa koloni zima, Wazungu wakiwamo. Ushindi huo haukumpandisha cheo hata kidogo. Ngazi ya utumishi kwa Mwafrika ilikuwa na vidato vichache, naye alikwisha kufika juu yake akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu.

4. Mji uliozingirwa

Uaminifu wa karani huyu ulijaribiwa mapema. Mwezi Oktoba 1899 vita vilizuka kati ya Waingereza na jamhuri za Makaburu, na tarehe 13 mwezi huo Mafeking ukazingirwa. Mazingiwa hayo yalidumu siku 217, hadi tarehe 17 Mei 1900. Mkewe Elizabeth na mtoto wao mchanga walikuwa mbali naye, na sikukuu ya Krismasi ya mwaka huo aliipitisha peke yake akiwatamani.

Wakati wa mazingiwa kazi za Plaatje ziliongezeka. Alimhudumia hakimu Charles Bell katika shughuli zote zilizohusu Waafrika wa mji. Alipokea na kuandika habari zilizoletwa na majasusi na wajumbe waliopenya usiku katikati ya majeshi ya Makaburu. Alipiga taipu barua za waandishi wa magazeti waliokwama mjini. Tena alikalimani katika mahakama ya dharura iliyoundwa chini ya sheria ya kijeshi, ambamo maofisa wa jeshi waliketi pamoja na hakimu. Mahakama hiyo ilikuwa na uwezo wa kutoa hukumu ya kifo, na Waafrika kadhaa walipigwa risasi kwa ujasusi au kwa wizi wa mifugo na chakula.

Hapa pana jambo zito ambalo haifai kulipita juu juu. Chakula cha mji kiligawiwa kwa kupima, na mgawo wa Waafrika, hususan wakimbizi waliotoka nje, ulikuwa duni kabisa. Kufikia mwezi Machi 1900 watu walikuwa wakifa kwa njaa, na supu ya nyama ya farasi ndiyo iliyokuwa tegemeo la wengi. Mwenye njaa alipoiba mbuzi, aliletwa mahakamani. Na sauti iliyomfikishia hukumu yake, kwa lugha ya mama yake, ilikuwa sauti ya Plaatje. Mkalimani hana ruhusa ya kuongeza neno la huruma wala kupunguza neno la ukali. Kazi yake ni kuufikisha ujumbe mzima, hata kama ujumbe wenyewe ni kifo.

Ni katika siku hizo ndipo alipoandika shajara yake, kuanzia mwishoni mwa Oktoba 1899 hadi mwishoni mwa Machi 1900. Aliiandika usiku, kwa Kiingereza kilichochanganywa na maneno ya Kitswana, Kixhosa na Kiholanzi. Mchana aliandika kwa ajili ya hakimu; usiku aliandika kwa ajili yake mwenyewe. Katika jalada la mahakama Mwafrika aliyezingirwa alikuwa mshtakiwa, shahidi au mjumbe. Katika shajara alikuwa mtu mwenye jina, mwenye mzaha, mwenye njaa na mwenye ushujaa. Vitabu vingi vya Waingereza juu ya mazingiwa hayo vilimsifu kamanda Baden-Powell na kuwasahau Warolong waliopigana na kufa katika kuulinda mji. Shajara ya Plaatje haikujulikana na ulimwengu mpaka mwaka 1969, ilipopatikana na mwanaanthropolojia John Comaroff, na ikachapishwa mwaka 1973. Ndipo upande wa pili wa kesi ulipoanza kusikika, miaka zaidi ya sabini baada ya hukumu ya kwanza ya historia.

5. Kuiacha ofisi

Mwaka 1902 Plaatje alijiuzulu kazi ya serikali na kushika uhariri wa gazeti la Koranta ea Becoana, lililomilikiwa na Silas Molema, mmoja wa wakuu wa Warolong. Gazeti hilo liliandikwa kwa Kitswana na Kiingereza. Baadaye, akiwa Kimberley, alihariri Tsala ea Becoana na kisha Tsala ea Batho. Magazeti hayo hayakumtajirisha, yalimwachia madeni. Hata hivyo kazi haikubadilika sana. Mhariri wa gazeti la lugha mbili huwasomea wananchi sheria za watawala katika lugha yao, na huwapelekea watawala malalamiko ya wananchi katika lugha yao. Hicho ni kiti kile kile cha mkalimani, isipokuwa sasa aliyekikalia alikuwa huru kusema la moyoni mwake.

Tarehe 8 Januari 1912 wajumbe wa Kiafrika walikutana Bloemfontein na kuunda South African Native National Congress, na Plaatje akachaguliwa kuwa katibu mkuu. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha Sheria ya Ardhi ya Wenyeji, iliyowatengea Waafrika kiasi cha asilimia 7 ya nchi na kuwakataza kununua au kukodi ardhi nje ya sehemu hizo. Katika Free State familia zilizokuwa zikilima kwa kugawana mavuno na wenye mashamba zilijikuta barabarani na mifugo yao, pasipo mahali pa kukaa. Plaatje alikwenda kuwatafuta, sehemu nyingine kwa baiskeli, akawahoji na kuandika maneno yao. Miongoni mwa mambo aliyoyasimulia ni habari ya familia iliyofiwa na mtoto mchanga safarini, ikalazimika kumzika usiku kwa siri katika ardhi ya mtu mwingine, kwa kuwa haikuwa na haki ya kuwa na kaburi.

Kutokana na ushahidi huo aliandika Native Life in South Africa, kilichotoka London mwaka 1916. Aliyezoea majalada ya mahakama atakitambua mara moja kitabu hiki. Kifungu cha sheria kimewekwa mbele. Maneno ya wabunge yamenukuliwa kama yalivyosemwa. Mashahidi wameitwa mmoja mmoja. Kisha hoja imejengwa. Ni jalada la kesi lililoandaliwa na karani hodari, akilipeleka kwa wasomaji wa Uingereza baada ya mahakama za nchini kumfungia mlango. Rufani hiyo haikufaulu. Ujumbe wa mwaka 1914 aliokwenda nao Uingereza ulikataliwa, na ule wa mwaka 1919, ingawa ulionana na Waziri Mkuu Lloyd George, haukuiondoa sheria.

Gharama ya utumishi huu wa bila mshahara ililipwa na nyumba yake. Alikaa Uingereza miaka karibu mitatu katika safari ya kwanza, kisha miaka mingine katika safari ya pili iliyomfikisha Kanada na Marekani. Elizabeth alibaki Kimberley akiwalea watoto katika uhitaji. Mwaka 1921 binti yao Olive alifariki, baba yake akiwa ng'ambo. Riwaya ya Mhudi, iliyochapishwa na Lovedale mwaka 1930, ameitabarukia kumbukumbu ya mtoto huyo. Sifa zinazotolewa kwa watumishi wa umma hazikamiliki bila kuwataja waliobaki nyumbani.

6. Lugha kama amana

Kwa wanafunzi wa lugha za Kiafrika, sehemu ya maisha ya Plaatje iliyo na faida kubwa zaidi ni juhudi yake ya kuhifadhi Kitswana. Alipokuwa London alishirikiana na mwanafonetiki Daniel Jones wa University College, na mwaka 1916 wakatoa kitabu cha kusomea Kitswana kwa hati ya kifonetiki ya kimataifa. Mwaka huo huo alichapisha mkusanyiko wa methali 732 za Kitswana, pamoja na tafsiri zake na methali za Ulaya zinazolingana nazo. Mwaka 1923 aliimba katika sahani za santuri huko London, na miongoni mwa nyimbo alizorekodi ulikuwamo Nkosi Sikelel' iAfrika; ndiyo mara ya kwanza wimbo huo kurekodiwa.

Kisha akamgeukia tena Shakespeare, rafiki wa ujana wake. Mwaka 1930 ilichapishwa Diphosho-phosho, tafsiri yake ya The Comedy of Errors. Msomaji wa Kiswahili ataona mara moja ufundi wa jina hilo: neno lenye maana ya makosa limekaririwa, kama vile Mswahili asemavyo makosa-makosa, na mzaha wa tamthilia nzima umeingia katika neno moja. Tafsiri ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1937, baada ya kifo chake, kwa jina la Dintshontsho tsa bo-Juliuse Kesara, yaani Vifo vya akina Juliasi Kaizari. Kiambishi bo- cha Kitswana kinafanya kazi ya akina ya Kiswahili. Kwa kukitumia, Plaatje alikumbusha kwamba katika tamthilia hiyo hafi Kaizari peke yake. Wanakufa pia waliomwua. Hiyo ni tafsiri iliyokwisha kuwa uhakiki.

Hapana budi kumkumbuka hapa Mwalimu Julius Nyerere, aliyeitafsiri tamthilia hiyo hiyo kwa Kiswahili mwaka 1963, akaisahihisha mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, na mwaka huo huo akatoa Mabepari wa Venisi. Mmoja alikuwa karani wa zamani mwenye madeni, na mwingine alikuwa rais wa nchi; lakini wote wawili waliifanya kazi hiyo nje ya shughuli zao za kila siku, na wote walitaka kuthibitisha kwamba lugha ya wananchi ina uwezo wa kubeba mzigo wowote. Kwa upande wa fasihi ya Kiswahili mfano mwingine ni Shaaban Robert, ambaye aliingia katika ukarani wa serikali mwaka 1926 na kuandika vitabu vyake katika saa ambazo ofisi ilimwachia.

Tofauti ni kwamba Kiswahili kilipata taifa la kukipokea, na Kitswana cha Plaatje hakikulipata kwa wakati. Tafsiri zake nyingine za Shakespeare hazikuchapishwa. Alipinga vikali tahajia mpya zilizopangwa na wataalamu pasipo kuwasikiliza wasemaji wenyewe. Na baada ya kufa kwake, Dintshontsho ilihaririwa na Profesa Lestrade na kutolewa kwa tahajia ambayo si ile aliyoipendelea yeye. Mkalimani aliyepigania maisha yake yote maneno ya watu yasigeuzwe, mwishowe maneno yake mwenyewe yaligeuzwa.

7. Hitimisho

Plaatje alifariki tarehe 19 Juni 1932 huko Johannesburg kwa homa ya mapafu, akazikwa Kimberley. Sheria ya Ardhi aliyoipinga ilidumu hadi mwaka 1991. Mwaka 2014 chuo kikuu kinachoitwa kwa jina lake kilianza kufundisha mjini Kimberley, mji ule ule alioingia akiwa tarishi wa posta.

Maisha yake yanaweka swali mbele ya kila mtumishi anayeketi kati ya dola na wananchi. Wapo wanaodhani kwamba uaminifu wa karani ni kumtii mkubwa wake na kufunga jalada saa ya kutoka kazini ikifika. Plaatje aliutii wajibu wa ofisi kwa ukamilifu, hata pale ulipokuwa mchungu kama ilivyokuwa katika mazingiwa. Lakini aliitambua ofisi kuwa ni njia tu, na umma kuwa ndio mwenye kazi. Ofisi ilipokuwa ikiweza kumpa mnyonge nafasi ya kusikika, alikaa ndani yake. Sheria yenyewe ilipogeuka kuwa mshtaki, aliondoka na kuichukua kazi yake pamoja naye. Mnyonge bado alihitaji mtu wa kuyafikisha maneno yake yakiwa mazima, na Plaatje hakuiacha kazi hiyo mpaka alipokufa.